Dau la jakpoti kwenye Caribbean Stud: dola moja inayokula kuliko anti

Meza nyingi za poka ya kasino siku hizi zina tundu au duara dogo lenye taa mbele ya kila kiti. Unaweka hapo chipu ya dola moja kabla karata hazijagawiwa, na juu ya meza kuna kioo chenye mita, yaani namba ya jakpoti inayopanda senti kwa senti. Hilo ndilo dau la jakpoti. Hapa tunalipima kwenye Caribbean Stud, mchezo uliopata jina Aruba miaka ya 1980 ukasambaa kwenye meli za kitalii na kasino za Marekani, kwa sababu hesabu yake haina kona: deki moja, karata tano, hakuna kubadilisha karata, hakuna ustadi wa kukuongezea nafasi.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: kwa jedwali la kawaida la malipo, mita ikiwa chini ya dola laki mbili, hili ndilo dau baya kuliko yote mezani. Mita ikipita hapo, bado usikimbilie.

Mchezo wenyewe kwanza. Kila mchezaji anaweka dau la kuingilia, wenyewe huliita anti, kisha anapata karata tano. Dila, yaani mgawa karata wa kasino, naye anajigawia tano na kufunua moja. Ukiupenda mkono wako unaongeza dau mara mbili ya anti. Usipoupenda unatupa karata na anti inaondoka. Dila asipokuwa na angalau ree na kingi hafuzu, na hapo unalipwa anti peke yake, nyongeza inarudi kama ilivyo. Jambo hilo hutokea karibu asilimia 44 ya mikono. Kwa mtu anayecheza sawasawa, nyumba, yaani kasino, inakata asilimia 5.22 ya anti. Si mchezo wa bei rahisi, lakini haunyongi.

Dau la jakpoti halijali dila ana nini. Linaangalia karata zako tano tu. Jedwali linalokutwa sana ni hili: roya flashi, yaani kumi, jeki, malkia, kingi na ree za aina moja, inachukua mita yote. Streti flashi, yaani karata tano nyingine zinazofuatana za aina moja, inachukua asilimia 10 ya mita. Karata nne zinazofanana dola 500, fulu hausi (tatu zinazofanana na mbili zinazofanana) dola 100, flashi (tano za aina moja zisizofuatana) dola 50. Na ile dola yako ikishaingia kwenye tundu hairudi hata ukishinda, kwa hiyo flashi ya dola 50 ni faida ya dola 49.

Sasa tuhesabu. Deki ya karata 52 inatoa mikono 2,598,960 ya karata tano. Ndani yake roya flashi ni 4, streti flashi 36, nne zinazofanana 624, fulu hausi 3,744 na flashi 5,108. Zidisha zile zawadi tatu za kudumu kwa idadi ya mikono yake: 624 kwa 500, 3,744 kwa 100, 5,108 kwa 50. Jumla ni dola 941,800. Gawanya kwa mikono yote, unapata senti 36.2. Yaani katika kila dola unayotumbukiza, sehemu isiyotegemea mita inakurudishia senti 36, na senti 64 zilizobaki lazima zitoke kwenye mita.

Mita nayo inachangia kiasi gani? Roya 4 zinachukua mita nzima, streti flashi 36 zinachukua sehemu ya kumi, ambayo ni sawa na mita nzima mara 3.6. Ukijumlisha unapata 7.6 kati ya mikono 2,598,960. Kwa lugha ya mfukoni: kila dola 10,000 zilizopo kwenye mita zinaongeza senti 2.9 kwenye thamani ya dau lako. Mita ya dola 50,000 inakupa senti 14.6, na ukiongeza zile 36.2 unafika senti 51. Nusu ya dola inabaki kwa nyumba. Kwa mita ya 100,000, namba ambayo ikiwaka kwenye kioo watu hugeuza shingo, marejesho ni senti 65 na nyumba inabaki na 35.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanasema ni dola moja tu. Tuseme meza inatembea mikono 40 kwa saa na unacheza anti ya dola 5. Asilimia 5.22 ya dola 5 ni senti 26, mara 40 ni dola 10.44 kwa saa. Hiyo ndiyo bei ya mchezo mkubwa, ule wenye dila, uamuzi na presha. Dau la jakpoti lenye mita ya 50,000 linakula senti 49 kwa mkono, takriban dola 19.60 kwa saa. Chipu ndogo kuliko zote mezani inakugharimu karibu mara mbili ya dau lako kuu. Hata mita ikifika 100,000 bado inakula dola 13.80 kwa saa.

Tazama jioni moja ya saa nne, mikono 160. Mkono wa flashi au zaidi, ambao ndio wa kwanza kulipwa chochote, hutokea mara moja katika mikono 273. Kwa mwendo huo ni mara moja kila saa saba hivi. Uwezekano wa kumaliza jioni bila kuona hata senti kutoka kwenye tundu lile ni asilimia 56. Yaani kwa wengi, dola 160 zinaingia, sifuri inatoka. Na roya flashi yenyewe ni mkono 1 katika 649,740. Mtu anayekaa kwenye kiti saa nane kila siku bila kupumzika Jumapili wala sikukuu angeingoja kwa wastani miaka mitano na nusu.

Kuna wanaolinganisha na jakpoti za mechi 17 walizozoea kwenye simu. Si kitu kimoja. Kwenye mpira, anayefuatilia ligi anaweza walau kupunguza ujinga wake. Kwenye karata tano zilizochanganywa na mashine, mjuzi na mgeni wako sawa kabisa.

Je, mita ikipanda sana? Kwa jedwali la 500, 100 na 50, dau linakuwa sawa kwa sawa mita ikiwa takriban dola 218,000. Kabla hujashangilia, angalia thamani hiyo imejificha wapi. Kwenye mita ya 218,000, karibu senti 34 za kila dola zimefungwa ndani ya roya flashi peke yake, na senti 30 nyingine ndani ya streti flashi, ambayo ni mkono 1 katika 72,193. Asiyepata hata moja kati ya hizo mbili, na huyo ni karibu kila mtu anayesoma hapa, bado anarudishiwa senti 36 zilezile. Karatasi inasema sawa kwa sawa, pochi inasema unapoteza theluthi mbili.

Halafu huwezi kucheza jakpoti bila anti. Ukitaka faida ya jakpoti ifute pia hasara ya anti ya dola 5, mita inatakiwa ifike karibu 307,000. Kwa anti ya dola 10 inatakiwa takriban 396,500. Ndiyo maana wanaotafuta mita kubwa hukaa kwenye meza yenye anti ya chini kabisa. Meza inayopandisha kima cha chini siku mita inapokuwa nono inakula kimyakimya kile kile ulichokuja kukitafuta.

Kodi nayo ihesabiwe mapema. Kasino za Marekani humkata mgeni asiye mkazi asilimia 30 ya ushindi wa aina hii, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi unaomlinda. Msamaha uliopo kwa blackjack, baccarat, craps na ruleti haufiki kwenye poka ya kasino. Kwa mtu huyo mita ya kusawazisha inaruka kutoka 218,000 hadi zaidi ya 311,000, na hapo hatujagusa anti.

Kitu cha kusoma kabla ya kioo ni kile kikadi chenye malipo. Watu hutazama mita kwa sababu inawaka, lakini zawadi za kudumu ndizo zinazotofautisha meza na meza. Shika vipimo hivi vitatu. Fulu hausi ikilipa 150 badala ya 100, ni sawa na kuongezewa dola 24,600 kwenye mita. Flashi ikilipa 75 badala ya 50, ni sawa na dola 16,800. Nne zinazofanana zikishushwa kutoka 500 hadi 100, umepokonywa thamani ya dola 32,800. Kwa hiyo jedwali la 500, 150 na 75 linasawazisha kwenye mita ya 176,600, wakati lile bahili la 100, 75 na 50 linasubiri hadi 263,200. Meza mbili zinaweza kuwa zimewasha namba ileile juu huku moja ikikunyonya zaidi ya senti 25 kwa kila dola kuliko mwenzake.

Kwa anayecheza kwa shilingi, Dar au Nairobi, sarafu haibadilishi kitu, shika uwiano. Malipo yakiwa mara 500, mara 100 na mara 50 ya dau, mita lazima iwe mara 218,000 ya dau. Dau la shilingi 1,000 linadai mita ya shilingi milioni 218. Namba ya milioni 40 kwenye kioo inaonekana kubwa, lakini dau hilo linarudisha chini ya nusu.

Uwiano huohuo unafichua mtego wa meza za dola 5. Siku hizi zipo nyingi, hasa kwenye Ultimate Texas Hold'em, poka nyingine ya kasino, ambako jakpoti husoma karata zako mbili pamoja na tatu za kwanza za mezani, ambazo kihesabu ni mkono wa karata tano uleule. Zawadi ndogo zikizidishwa kwa tano na mita ikabaki ileile, kiwango cha kusawazisha nacho kinazidishwa kwa tano: kwa jedwali letu ni dola 1,090,000. Ukiona mita ya laki mbili kwenye meza ya dola 5, hiyo ni mita ya elfu arobaini iliyovaa suti.

Baadhi ya majedwali ya mchezo huo hulipa hadi karata tatu zinazofanana. Chukua mfano wa 300 kwa nne zinazofanana, 50 kwa fulu hausi, 40 kwa flashi, 30 kwa streti (tano zinazofuatana za aina mchanganyiko) na 9 kwa tatu zinazofanana. Zawadi za kudumu hapo zinarudisha senti 53, na mita ya kusawazisha inashuka hadi takriban 160,500 kwa dau la dola moja. Tatu zinazofanana hutokea mara 1 katika mikono 47, kwa hiyo chipu hazikauki haraka. Kama lazima uchague, chagua jedwali la namna hii. Linakula taratibu zaidi, na jioni yako inapata malipo mawili matatu ya kukufanya utabasamu.

Kwenye blackjack tofauti ni ya kusikitisha zaidi, kwa sababu mchezo wenyewe ni wa bei nafuu. Mtu anayejua mkakati wa msingi kwenye meza yenye kanuni nzuri anapoteza karibu asilimia 0.5. Dola 10 kwa mkono, mikono 60 kwa saa, ni dola 3. Dau la jakpoti la dola moja linalokata asilimia 40, kiwango ambacho si cha ajabu kwa madau haya, linakula dola 24 katika saa hiyohiyo. Na zile saba tatu za uru zinazotangazwa kwenye vibao vyake, kwa deki sita, huja mara 1 katika 250,666. Kwenye blackjack hatuna la kulitetea dau hili.

Kwenye Caribbean Stud lina hoja moja ya haki. Ukipata flashi dila asipofuzu, mchezo mkuu unakulipa anti peke yake, dola 5 kwa mkono ulioungoja jioni nzima. Jakpoti inalipa dola 50 bila kujali. Wachezaji wakongwe wanajua uchungu huo, na kwa wengi ndicho kinachowafanya waendelee kuweka dola. Kingine kinachouza dau hili ni hofu ya majuto: ukipata roya bila kuweka dola, dila akiwa amefuzu, nyongeza yako ya dola 10 italipwa mara 100, yaani dola 1,000, huku kioo juu kinaonyesha hela ya kununulia nyumba ya kuishi. Hofu hiyo ni ya kweli, ila inahusu mkono mmoja kati ya 649,740.

Ukiamua kuweka hata hivyo, kuna mambo yanayoharibika mezani na yanazuilika.

La kwanza ni taa. Mfumo unatambua dau kwa kihisi kilicho chini ya duara, na dila anabonyeza kitufe cha kufunga madau kabla ya kugawa. Chipu ikikaa pembezoni mwa duara au ikiwekwa baada ya kitufe, taa ya kiti chako haiwaki, na kwa mfumo hukuweka kitu. Tazama taa yako kabla ya kugusa karata. Haijawaka? Sema hapohapo. Ukishaangalia karata, hakuna msimamizi atakayekusikiliza, na kanuni zilizobandikwa mezani zinampa haki.

La pili ni dila asiyefuzu. Anapokusanya karata haraka, hana wajibu wa kukagua mkono wako kwa ajili ya jakpoti. Kama una flashi au zaidi, tamka kabla hajagusa karata zako. Zikichanganywa na zilizotupwa, mkono umekufa.

La tatu linahusu mita kushuka. Streti flashi ya mtu mwingine inaichota asilimia 10 ukiwa umekaa hapohapo, na kuna meza zinazotoa hata zawadi ya nne zinazofanana kwenye mita. Kwa hiyo soma kioo upya kila baada ya malipo makubwa. Roya ikitoka, mita inarudi kwenye mbegu yake, yaani kiasi cha kuanzia, kwa mfano dola 10,000, na siku hiyo dau linarudisha senti 39. Hakuna wakati mbaya zaidi wa kuweka, na ndio wakati meza imejaa shamrashamra. Nyumba yenyewe haiwezi kuipunguza hivi hivi mahali penye usimamizi mkali kama Nevada. Kilichochangwa na wachezaji lazima kiendelee kuchezewa.

Uliza pia wakipata wawili katika mzunguko mmoja nani analipwa kwanza. Kama mmoja ana roya na mwingine streti flashi, mpangilio wa malipo unaamua kama yule wa asilimia 10 anachota kwenye mita iliyojaa au kwenye mbegu. Jibu liko kwenye kanuni za meza, si kichwani mwa dila.

Kwenye kasino za mtandaoni, angalia kitufe cha kurudia dau. Kikibonyezwa hurudia vyote vilivyokuwa mezani, jakpoti ikiwemo, na mikono huko inakwenda kasi mara kadhaa kuliko mezani. Hasara ya dola 19 kwa saa inaweza kuwa dola 60 kabla chai haijapoa. Ondoa tiki ya jakpoti wewe mwenyewe kila unapofungua meza upya.

Alama zetu, kwa jedwali la 500, 100 na 50 na dau la dola moja: mita chini ya 100,000, moja kati ya tano. Kati ya 100,000 na 218,000, mbili, kwa atakayeweka mara chache akijua analipia msisimko. Juu ya 307,000 na anti ya dola 5, tatu, na hizo ni kwa mwenye mtaji wa kuvumilia ukame mrefu. Jedwali la 100, 75 na 50 halipati hata moja.

Na ikitokea ile moja ya laki sita na ushee, usiguse karata tena. Ziache wazi mbele yako, usimpe jirani azishike, usinyanyuke kitini. Msimamizi ataita kamera, watahesabu deki nzima kuhakikisha ni karata 52 zisizo na pacha, watakagua kama taa yako ilikuwa inawaka, kisha watataka kitambulisho. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kabla ya kusaini chochote, uliza kama unalipwa mkupuo au kwa awamu, kwa hundi au kwa benki, na kodi inakatwa kwenye kiasi gani.